Pawasaplai Nzito ya Serikali

Mambo yaliharibika Jumanne, tarehe kumi na moja Juni, saa nne na robo asubuhi, mbele ya Mheshimiwa Waziri, bendi ya polisi, na mimi niliyekuwa wa kwanza kwenye foleni.

Siku hiyo nchi yetu ilikuwa inazindua Makaburi ya Kisasa. Jina la nchi silitaji, maana nina amani kidogo nyumbani kwangu na ningependa ibaki. Ninyi mtakaosoma mtasema ni nchi ya jirani. Jirani naye akisoma atasema ni yenu, na kwa namna hiyo tutaendelea kuishi vizuri.

Makaburi ya zamani yaliondolewa kupisha kipilefti. Barabara zenyewe bado hazijafika, lakini serikali yetu inaona mbali, ikajenga kipilefti kwanza ili barabara zikija zikute pa kuzungukia. Marehemu wetu wakapakiwa kwenye malori ya wizara. Sisi ndugu tukaambiwa tukae majumbani, tusije tukawachanganya wataalamu. Huko walikopelekwa kila mmoja alipewa bamba la saruji, yote sawasawa kama matofali, bila jina wala namba. Waziri wa Marehemu, Mizani na Maendeleo alisema redioni kwamba kuandika majina kwenye makaburi ni ushamba. Kompyuta inajua nani kalala wapi. Wewe unafika getini, unataja jina, kompyuta inakwambia safu na shimo. Ukipotea hapo ni uzembe wako.

Mimi nilikuwa namtafuta mke wangu, Mwasiti. Alifariki masika ya mwaka juzi katika hospitali ya wilaya, daktari akiwa kwenye semina ya upungufu wa madaktari. Sina la kusema juu ya hilo, nasikia semina ilikwenda vizuri na kulikuwa na kuku.

Mwasiti alikuwa haishi bila habari. Angeweza kukosa chumvi, si habari. Ndiyo maana kila Ijumaa nilikuwa nakwenda kaburini na ufagio, nafagia, nakaa chini, namwambia nani kaoa, nani kaachika, na mwenyekiti wa mtaa safari hii kala nini. Tangu walipomhamisha sijamwambia kitu. Habari zilikuwa zimenijaa mpaka hapa kooni, na nyingine zilishaanza kuchacha.

"Jina?" akauliza karani.

"Mwasiti binti Kigumi."

Karani akabonyeza. Kioo kikaandika SUBIRI. Nikasubiri, maana mimi nimeishia darasa la nne, lakini kusubiri nchi hii imenisomesha hadi chuo kikuu. Mara ndani ya kompyuta kukalia pu, kama chungu kilichopasukia motoni. Moshi ukatoka kwa nyuma, harufu yake kama kandambili inaungua.

Mheshimiwa Waziri hakushtuka. Viongozi wetu hawashtuki ila mwaka wa uchaguzi.

"Mliyoisikia ni sauti ya teknolojia ikianza kazi," akasema.

Tukapiga makofi. Moshi ukazidi. Waziri akasema mitambo imeshapata joto, tukapiga makofi tena huku tunakohoa. Bendi ikapiga wimbo wa taifa hadi mpiga tarumbeta akaanguka.

*

Akaja fundi, akafungua kompyuta, akatoa kisanduku cha chuma chenye feni, kimeungua kama mkate uliosahauliwa. Akatueleza kwamba hiyo ndiyo pawasaplai. Inachukua umeme wa ukutani, inaupunguza makali, inaugawia kompyuta nzima. Ikiwa mbovu, kompyuta inakuwa boksi tu. Ila majina yote yamo ndani salama, kinachotakiwa ni pawasaplai nyingine iliyo nzuri.

"Kazi ya muda gani, mwanangu?" nikamuuliza.

"Dakika kumi, mzee. Ukiwa nayo mkononi."

Kesho yake fundi huyo alihamishiwa mkoa wa mpakani, kwa kosa la kutaja dakika mbele ya wananchi.

Waziri akatangaza kwamba serikali haitarudia kuaibishwa na kisanduku. Ile iliyoungua ilikuwa na stika ya dhahabu iliyoandikwa UBORA, na bado ikaungua, jambo lililoonyesha kwamba stika ilikuwa ya upinzani. Kwa hiyo aliunda Tume ya Taifa ya Kupima Ubora na Uaminifu wa Pawasaplai. Mwenyekiti wake akawa Dakta Mkumbukwa.

Hapa ni lazima nieleze kidogo, msije mkaona nchi yetu ya ajabu. Sisi tumelelewa na pamba. Kila kiongozi tuliyenaye alianzia kwenye mizani ya chama cha ushirika, ananing'iniza gunia, anasoma mshale, anapiga kelele "zito hilo, pita". Basi wakapanda vyeo na mizani yao. Kwetu mtihani wa shule unasahihishwa kwa kilo za karatasi alizojaza mtoto. Hotuba ya bajeti inaingia bungeni kwa toroli, na wabunge wanaanza kushangilia wakisikia gurudumu linavyolalamika. Dakta Mkumbukwa mwenyewe alipata udaktari kwa kitabu ambacho hakuna aliyekifungua, ila watu wawili walishindwa kukinyanyua.

Siku ya kwanza ya Tume tulijaa ukumbini, sisi wenye marehemu. Mimi nilikaa karibu na Bi Masika, mjane wa Mzee Ngwele. Huyu mama ni mtani wangu. Makabila yetu yanataniana tangu enzi za mababu, kwa hiyo ananitukana bure na mimi sina pa kushitaki.

Dakta Mkumbukwa alisimama, akanywa maji, akafuta midomo, akanywa tena.

"Ndugu wananchi," akasema, "swali la ubora wa pawasaplai limewasumbua wataalamu wa dunia. Wengine wanaangalia nyaya. Wengine wanaangalia feni. Sisi tutauliza jambo moja tu. Ina kilo ngapi? Kitu cha maana kina uzito. Kitu cha ovyo kinapeperuka."

Bi Masika akanyoosha mkono. "Mwanangu Dakta, si mkichomeke tu kwenye umeme tuone kama kinawaka?"

Dakta akamtazama kwa huruma.

"Mama yangu, ukishakichomeka si kipya tena. Kimetumika. Na serikali hii hainunui mitumba."

Wajumbe wakapiga meza. Mmoja alitokwa na machozi kwa jinsi hoja ilivyokaa.

"Nimekosa nini tena?" Bi Masika akaninong'oneza.

"Umekosa uzito," nikamwambia. "Jiangalie mwenyewe, hata upepo wa feni unakuhamisha."

"Na wewe Shomari jiangalie. Suruali imevaa mkanda, mtu hayumo."

*

Wafanyabiashara wakaleta pawasaplai. Za mwanzo zilikuwa za kawaida, ukubwa wa mkate wa boflo. Zikapimwa, zikatupwa nje. "Pamba," anasema Dakta, akimaanisha ni nyepesi. Wiki iliyofuata zilezile zikarudi zimenenepa. Ukiitikisa moja unasikia mchanga. Dakta alipouliza ule mlio ni wa nini, muuzaji akasema ndio umeme wa akiba.

Wakulima wa ng'ambo ya mto, sio sisi, walikuwa na tabia ya kutia mawe katikati ya gunia la pamba. Serikali nzima inajua jambo hilo, maana viongozi ndio waliokuwa kwenye mizani na walikuwa wanapata mgawo. Mngetegemea watu hao wawe wa kwanza kushtuka. Wala. Mtu aliyezoea kupitisha jiwe halioni tena, analiona gunia.

Basi pawasaplai zikaendelea kunona. Ikaja yenye vyuma vya baiskeli, nati na bolti tupu. Ikaja yenye jiwe la kusagia, bado lina unga. Mjumbe mmoja akaunusa akasema huo ni ushahidi kwamba imetengenezwa kwa malighafi ya ndani, ikapewa alama za uzalendo. Wauza vyuma chakavu mjini wakaanza kuvaa tai.

Uaminifu nao ulipimwa. Kila pawasaplai ilitakiwa kuja na barua ya mwenyekiti wa mtaa kuthibitisha kwamba haijawahi kushitakiwa. Halafu iliapishwa. Halafu ilifungiwa chumbani peke yake na sinia la pilau la wajumbe, mchana mzima, mlango umefungwa. Walipofungua, pilau halijaguswa hata zabibu moja. Dakta Mkumbukwa alishika kichwa. Akasema katika utumishi wake wote hajaona mtumishi wa umma aliyefaulu mtihani ule, hata yeye asingeweza.

Sisi wenye marehemu tulikuwa tunakwenda getini kila Ijumaa. Mlinzi anasema bado. Tunachungulia kupitia waya: mabamba na mabamba, hadi macho yanachoka.

"Labda ni lile pale," namwambia Bi Masika.

"Kwa nini lile?"

"Limekaa kama linasikiliza."

"Mwasiti huyo amekukimbia, baba. Amefika huku akasema hatimaye nimepata pa kujificha na mdomo wa Shomari."

"Na Ngwele wako je?"

Bi Masika akashika waya wa uzio. "Ngwele hakuwa na maneno," akasema. "Ukianza umbea anachukua kofia anatoka nje. Mimi nataka kumwekea maua tu nimwambie mguu umepona. Basi. Neno moja, nirudi nyumbani."

Tukarudi bila kulisema neno lake, wala langu.

*

Ndipo alipotokea Bwana Makorongo. Huyu alikuwa anafyatua matofali ya saruji nyuma ya soko, hajawahi kumiliki hata kikokotoo. Alisoma tangazo la Tume mara moja tu, akaelewa kuliko wasomi wote, akaenda kuchukua sepeto.

Pawasaplai ya Bwana Makorongo ilikuja juu ya lori. Ilikuwa saruji tupu na nondo, imepakwa rangi nyeusi, feni imechorwa kwa chokaa. Mbele imetobolewa tundu la kuingizia waya, na waya umo, umezama kwenye zege kama mzizi. Mizani ya Tume ikavunjika ilipoiona, kabla hata haijapakiwa, kwa sababu vijana wa kupakua waliiegemea kupumzika.

Tume ikaagiza ipelekwe kwenye mizani ya malori, barabara kuu. Huko askari akasoma, akaita mwenzake asome.

"Mzee, umezidisha uzito wa barabara. Hii ni faini."

"Sawa afande," akasema Makorongo, "lakini nakuomba uandike vizuri. Andika kwa herufi kubwa: PAWASAPLAI IMEZIDI UZITO ULIORUHUSIWA NA SERIKALI."

Ile karatasi ya faini aliipeleka kwenye Tume moja kwa moja. Dakta Mkumbukwa aliisoma amesimama. Pawasaplai zote nyingine zilikuwa zimefikia uzito. Hii ilikuwa imeuzidi, na polisi wamekiri kwa maandishi. Wajumbe wakakumbatiana. Redio ikakatisha matangazo ya vifo kutoa habari hiyo. Shule zikafungwa ili watoto waje kuigusa. Mke wa Waziri akaigusa mara mbili, akasema imemwondolea kichwa.

Mimi nami, kusema kweli, nilifurahi. Nilinyoa ndevu. Nilizipanga habari zangu, za ndoa mbele, za wizi nyuma, maana Mwasiti alikuwa anapenda kuanza na ndoa.

*

Siku ya kufunga pawasaplai, Makaburi ya Kisasa yalipambwa kwa vitambaa vya rangi za taifa. Kulikuwa na kreni. Kulikuwa na mbuzi wa kuchoma wa viongozi na soda za wananchi, moja kwa watu wawili. Kompyuta iliwekwa juu ya meza mpya yenye kitambaa cheupe, majina ya marehemu wetu wote yamo ndani yake, na mimi nilikuwa wa kwanza kwenye foleni tena. Nyuma yangu alikuwa Bi Masika na maua yake kwenye kopo la rangi.

Waziri akahutubia. Alisema mataifa makubwa yana pawasaplai zinazobebwa kwa mkono mmoja, na ndiyo maana yana matatizo ya kifamilia. Alisema mtoto wa nchi hii atakayezaliwa leo atakuta pawasaplai hii, na mjukuu wake ataikuta, na hakuna mwizi atakayeihamisha. Hilo lilikuwa kweli.

Kisha Dakta Mkumbukwa akakaribia meza, akaipima kompyuta kwa macho, akaipima pawasaplai iliyoning'inia kwenye kreni. Nikamwona anainama kwenye sikio la Waziri.

"Mheshimiwa, kuna suala dogo la kitaalamu. Hii inatakiwa iingie ndani ya ile."

Waziri akatafakari. Kichwa chake kilipigwa jua kikang'aa.

"Ya serikali haiwezi kuingia ndani ya kitu," akasema. "Itakaa juu. Kompyuta itaripoti kwake."

Karani akafungua mdomo. Akaufunga. Alikuwa na watoto.

Kreni ikashusha. Taratibu kwanza, halafu mnyororo ukachoka na taratibu ikaisha. Ardhi iliruka. Meza ikaingia chini, kompyuta ikaingia kwenye meza, na herufi za kibao cha kuandikia zikatawanyika kwenye nyasi kama mbegu za kunde. Mbele ya macho yetu kukabaki zege jeusi limetulia, na feni ya chokaa.

"Imekaa," akasema Waziri.

Dakta Mkumbukwa akainua kidole. "Ndugu wananchi, naomba tuisikilize. Ile ya kwanza ilipiga kelele, ikatoa moshi. Hii je? Haina mlio. Haina joto. Haina harufu. Huo ndio uaminifu."

Tukasikiliza. Tulisikiliza sana, viongozi wamefumba macho. Bendi ilipoanza kupiga, mimi nilikuwa nimepiga magoti nyasini naokota herufi. Nilipata M, nilipata W. Bi Masika aliniinua kwa mkono.

"Inuka, mtani. Watu wanatuona."

Hakunitania tena siku hiyo, na hapo ndipo nilipojua kwamba mambo ni mabaya.

*

Serikali haikututupa, nisije nikasema uongo. Waziri alitangaza kwamba kwa kuwa sasa kompyuta imepumzishwa kwa heshima, makaburi yatagawiwa upya kwa haki. Kila mfiwa atapewa kaburi kulingana na ukubwa wa msiba wake. Na msiba utapimwa.

Ndiyo, mizani. Ile ya malori, ililetwa getini. Tulipanda mmoja mmoja. Makandarasi na wakurugenzi walionekana kuwa na majonzi ya kutisha; mmoja alipewa safu nzima karibu na geti, na kivuli, ingawa hajawahi kufiwa. Yeye alisema ataitumia baadaye. Kina mama wa mtaani kwetu walikuja wamevaa khanga tano tano, wengine na vinu mgongoni, askari akawavua.

Mimi nilipanda. Mshale haukutikisika.

"Mzee, wewe huna msiba," akasema karani wa mizani.

"Nina mke aliyefariki."

"Mizani haioni."

Bi Masika naye akapanda, hivyohivyo. Karani alikuwa mtu mwema, akakuna kichwa, akasema tupande pamoja. Tukasimama juu ya ile mizani ya malori, bega kwa bega, mshale ukajivuta kidogo, kama mtu anayeamshwa usingizini. Akaandika: kaburi moja, la watu wawili, kule mwisho kwenye waya.

Basi ndilo tulilonalo. Ijumaa yeye anafagia upande wa magharibi, mimi wa mashariki. Ijumaa ya kwanza alisema lile neno lake la mguu, akaweka maua, akanyamaza. Mimi nikakaa chini, nikaanza na ndoa kama nilivyopanga. Nikasimulia, nikasimulia, nikafika kwa mwenyekiti wa mtaa na mbuzi wa zahanati, hapo Mwasiti angekuwa ameshapiga paja na kuniambia rudia. Bi Masika alicheka mpaka akajifuta kwa khanga. Kisha akaacha kucheka.

"Shomari," akasema, "kama ni Ngwele wangu humu, kwa umbea huu wote angekuwa ameshachukua kofia."

"Na kama ni Mwasiti, kwa kimya chako kile cha mwanzo angekuwa ameshakuuliza umenuna nini."

Tukalitazama bamba. Ni zuri, limepigwa plasta safi, serikali haikuiba saruji yote.

Nimekwenda wizarani kuuliza. Nimekwenda kwa Dakta Mkumbukwa, ambaye sasa anaiwakilisha nchi yetu huko nje kwenye mkutano wa pawasaplai. Katibu wake aliniambia nimwachie swali langu, akaniandikisha, na baada ya masika nzima likarudi na muhuri kwamba ni jepesi mno kujadiliwa. Sijui wangetaka nilitie mchanga. Mimi na Bi Masika bado tunakwenda, bado tunafagia, mimi nasema na yeye ananyamaza, na kila tukimaliza tunaulizana lilelile njiani hadi tunaachana pale kwenye kipilefti: huyu tunayemfagilia ni nani?